Penseli na Nyumba za Wazee Wetu

Tumewekewa amana. Ni daftari moja la karatasi nyeupe zisizo mistari, lenye kurasa 31 zilizochorwa kwa penseli, na ndani yake mna nyumba za kale za vijiji vya kwetu Ufipa: nyumba za mviringo za udongo na nyasi, vihenge vya ulezi, zizi la mbuzi, na tanuru moja la kuyeyushia chuma. Aliyeichora michoro hiyo ni kijana wa miaka 17 aliyekhitimu Msahafu katika madrasa yetu hapa Sumbawanga. Aliyetuletea daftari ni baba yake, fundi mwashi, na hakutuletea ili tulisifu. Alitaka tutoe hukumu.

Masuala yake yalikuwa mawili. La kwanza, je, dini yaruhusu kazi hii, ama mwanawe ajipalia makaa? La pili alilisema kwa sauti ya chini, akitazama mlangoni: je, si aibu kuwaonyesha watu kwamba wazee wetu walikaa katika vibanda vile? Alituambia wazi kwamba, kama tukisema neno moja tu la kukataza, daftari lingeishia jikoni jioni ileile.

Twaandika makala haya kwa kuwa hatudhani masuala hayo ni ya baba mmoja. Katika nyumba nyingi za Kiislamu kijana akionekana na penseli, na kazi yake si hesabu wala si hati, huulizwa maswali haya haya, na aghlabu hupewa jibu kabla hayajaisha kuulizwa.

Ama suala la kwanza, halikutuchukua muda. Wanazuoni wamekhitilafiana tangu zamani juu ya kuchora chenye roho, na mlango huo hatukuufungua siku ile wala hatuufungui hapa. Walakini juu ya kisicho na roho njia ni pana. Imo katika Sahihi ya Bukhari khabari ya mtu aliyemwendea Ibn Abbas, Mungu amwie radhi, akamweleza kwamba riziki yake yatokana na kazi ya mikono yake ya kutengeneza picha. Ibn Abbas alimwonya. Na alipomwona mtu yule amebadilika uso kwa dhiki, alimwelekeza kwenye miti na kila kitu kisicho na roho. Nyumba haina roho. Kihenge hakina roho. Tulipomaliza kusema hayo baba alikubali kwa kichwa, kisha akafungua ukurasa wa saba na kuweka kidole juu ya kuku.

Ilikuwa kweli. Mbele ya mlango wa nyumba ile alisimama kuku jike, mdogo kama punje ya mahindi. Kijana alipoitwa na kuulizwa, alijibu kwa adabu, “Maalim, nilimweka ili mtu ajue mlango una kimo gani.” Jawabu hilo lilitupendeza, maana laonyesha kwamba mtoto alifikiri, mchoro usio na kipimo ndani yake hauna tofauti na uvumi. Tulimwambia amtoe kuku aweke jembe, kwani katika nchi hii hakuna asiyeujua urefu wa mpini wa jembe. Alimfuta mbele yetu kwa raba. Mpaka leo, ukiuinamisha ukurasa ule kwenye mwanga, alama ya kuku yule yaonekana bado karibu na jembe, na hatukuona sababu ya kumwandama zaidi.

Wala si jambo geni katika Uislamu mtu kuchora makazi bila ya wakazi. Sultani Suleiman wa Waturuki alipokwenda na jeshi lake Iraq katika miaka ya 1534 na 1535, alikuwapo pamoja naye mtu mwenye elimu nyingi aliyeitwa Nasuh al-Matraki. Nasuh alichora miji na vituo vya njiani, Istanbul na Halab na Baghdad, kuta na kuba na madaraja na bustani, na watu hawamo. Kitabu chake kimehifadhiwa Istanbul, na wenye kuchunguza khabari za miji ile hukirejea hata leo kutafuta jengo lililokwisha kubomoka lilisimama wapi. Yeye alitumia rangi nyingi na dhahabu. Kijana wetu ana penseli moja ya shule. Kazi ni ile ile.

Sasa suala la pili, nalo ndilo zito.

Baba huyu ajenga nyumba za matofali ya kuchoma na mabati, na ajenga vizuri. Tangu lami ilipofika kutoka Tunduma, saruji na mabati yamekuwa mepesi kupatikana kuliko zamani, na leo mtu aingiaye Sumbawanga kwa mara ya kwanza huona mapaa yaking'aa kila upande. Hatutaki msomaji adhani twalilia nyasi. Paa la nyasi lashika moto. Lakaribisha panya, na panya hukaribisha nyoka. Nyumba isiyo na dirisha, moto ukiwaka katikati, huwaumiza macho na vifua akina mama. Aliyelala chini ya nyasi mwezi wa Februari, mvua ikinyesha usiku kucha na paa limechakaa, hahitaji kusomewa mashairi ya kusifu nyumba za kale.

Lakini kuacha kitu ni jambo moja, na kukionea haya ni jambo jingine. Mwenye haya hatazami. Na asiyetazama hawezi kujua alichokiacha kilitengenezwa kwa akili kiasi gani.

Tulimwomba baba aufungue ukurasa wa tatu. Hapo imechorwa nyumba ya mama yake mzazi, ambaye bado aishi ndani yake katika kijiji kilicho mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka mjini. Baba huifikia nyumba ile kila mwezi, naye ndiye aliyekuwa amekwisha kuamua kuibomoa baada ya mavuno ili amjengee mama yake chumba cha bati mahali pale pale. Kwa hiyo hakuna mtu aliyeijua nyumba ile zaidi yake. Na bado, alipoishika karatasi, alinyamaza muda mrefu.

Msomaji ambaye hajazoea mchoro wa penseli huenda akatafuta rangi, na asipoziona akadhani kazi haijaisha. Tumpe shauri. Aanze mahali palipo peusi kuliko pote. Katika mchoro huu ni mlango: mlango mfupi, ambao hata mtoto wa miaka kumi huuingia kwa kuinama, umetiwa weusi mpaka karatasi imeng'aa kwa kukandamizwa. Kutoka hapo jicho hupanda juu kwenye ukingo wa paa, ambao umeshuka chini mno, karibu kuufunika ukuta. Kijana hakuchora kila unyasi. Amechora mistari michache mifupi kwenye ukingo, hapo ambapo nyasi zimekatwa na kuchanguka, na katikati ya paa, jua linapopiga, ameiacha karatasi nyeupe. Jicho lenyewe hujaza nyasi zilizobaki. Ukuta ameupa vivuli vyepesi upande wa kushoto, na mahali udongo ulipobanduka ameonyesha fito zilizofumwa ndani, zikipishana na nguzo kama kazi ya ungo.

Hapo ndipo baba alipokaribisha karatasi karibu na uso. Alituuliza, au pengine alijiuliza mwenyewe, kwa nini ukingo wa paa ulishushwa chini vile, ikiwa ni taabu kupita. Hatukuwa na jibu. Jibu alilitoa mama yake tulipomzuru wiki iliyofuata, naye alicheka kwanza. Alisema: ukuta huu ni udongo mtupu, ukipigwa na mvua ya upande kwa masika mawili unakwisha, paa ndilo mwavuli wake. Na mlango mfupi? Baridi. Uwanda wetu umeinuka karibu mita 1,800 juu ya bahari, kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, na upepo wa mwezi wa Juni na Julai hauna mti wa kuuzuia. Nyumba yenye mlango mdogo na isiyo na dirisha hushika joto la moto wa jioni mpaka alfajiri. Moshi nao ulikuwa na kazi yake. Uliyapaka makombamoyo masizi meusi, na bibi alisema miti iliyopakwa hivyo fukusi hawaigusi. Na mbegu za mahindi zilitundikwa juu ya moto kwa sababu hiyo hiyo.

Tena alieleza jambo ambalo sisi wenyewe, tuliozaliwa na kukulia Ufipa, hatukuwa tumelisikia. Paa la nyumba yake lilifungwa kwanza chini, juu ya ardhi, kwa kamba za magome. Lilipokamilika mifupa yake, wanaume wa kijiji walilibeba kwa mabega na kuliweka juu ya ukuta, ndipo likaezekwa. Aliyeongoza kazi ile alikuwa mumewe, marehemu, yaani baba wa fundi wetu. Fundi alikuwa ameketi pale pale juu ya kigogo. Hakuwa amepata kuambiwa kwamba baba yake aliwahi kuwa kiongozi wa wajenzi. Alijua tu kwamba alikuwa mkulima wa ulezi na maharage.

Twalisema hili ili lieleweke penseli ilifanya nini. Hatudai kwamba mchoro ulimwambia kitu, karatasi haisemi. Mchoro ulimfanya aulize, na swali lake lilimfikia mtu aliyekuwa hai bado wa kulijibu. Mama huyu amezidi miaka themanini.

Kuna wengine watakaosema: siku hizi kila mtu ana simu, kwa nini kijana apoteze siku nzima kwa penseli wakati picha hupigwa kwa nukta moja? Hatuna ugomvi na simu. Picha ya simu ni shahidi mzuri, na kijana akiwa nayo aitumie. Walakini tumeliona tofauti yake kwa macho. Mwenye kupiga picha hupita njia. Mwenye kuchora huketi mbele ya nyumba saa mbili au tatu, juu ya jiwe, na mwenye nyumba hawezi kuvumilia: atatoka aulize wafanya nini, ataleta kigoda, ataangalia karatasi, ataanza kukosoa. “Hapo umekosea, nguzo ile haiko hivyo.” Kisha atasema kwa nini haiko hivyo. Nusu ya maneno yaliyoandikwa na kijana chini ya michoro yake aliyapata kwa namna hiyo, kwa kukosolewa. Zaidi ya hayo, mkono hauwezi kuchora fundo ambalo jicho halijalifuata. Mpiga picha aweza kuwa na picha ya fundo wala asijue limefungwaje.

Na kwa kuwa tumeitaja penseli, tulipe jambo hili mistari miwili, kwani watoto wa madrasa hulifurahia. Kile cheusi kilichomo ndani ya penseli, ambacho watu hukiita risasi, si risasi kabisa. Ni unga wa madini meusi yaitwayo grafaiti uliochanganywa na udongo na kuchomwa tanuruni. Njia hiyo ilibuniwa na Mfaransa Conté mwaka 1795. Basi kijana achorapo ukuta wa udongo, achora kwa udongo.

Turudi kwenye daftari. Ukurasa wa 19 una tanuru, na katika kurasa zote huu ndio tuliouangalia mara nyingi zaidi.

Wafipa huliita ilungu, na yakiwa mengi malungu. Baadhi yake yangali yamesimama porini, khasa upande wa Nkasi, ijapokuwa moto ndani yake ulizimika zamani. Ni mnara wa udongo wenye kimo kinachokaribia mita 3, mpana chini na mwembamba juu, uliojengwa kwa udongo wa vichuguu. Chini, kwa kuzunguka, lina matundu ambamo mabomba ya udongo yaliingizwa. Waliyeyusha chuma humo bila ya kuvukuta mivukuto. Urefu wa tanuru wenyewe uliuvuta upepo kutoka chini kwenda juu, kama bomba la moshi livutavyo, na makaa na mawe ya chuma yaliyopangwa ndani yakaungua kwa nguvu ya hewa ile peke yake. Kilichotoka hakikuwa safi bado. Kilichomwa tena katika tanuru dogo liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika, kisha kikafuliwa kuwa majembe na mashoka. Mwingereza Greig aliyaandika mambo haya mwaka 1937 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na katika miaka ya 1990 Bertram Mapunda, mwanazuoni wa Kitanzania wa mambo ya kale, aliyachunguza kwa kina matanuru ya upande huu wa mashariki wa Ziwa Tanganyika.

Kijana hakuwa amesoma lolote katika hayo alipolichora. Aliliona akienda kwa shangazi yake, akashuka katika baiskeli. Mchoro wake wa kwanza, ambao ameuacha ubavuni mwa ule wa pili, umelifanya tanuru lisimame wima kama pipa. Alipourudia aliona kwamba ukuta wainama ndani kadiri upandavyo, kidogo kidogo, kila upande sawasawa. Ameonyesha nyufa, majani yaliyoota juu, na tundu moja lililobomoka likawa kubwa kama mlango wa kibanda cha mbuzi. Pembeni ameweka jembe. Katika ukurasa huu jembe si kipimo tu, ingawa nadhani kijana hakukusudia zaidi ya kipimo.

Fundi wetu aliutazama ukurasa huo kwa jicho la kazi yake. Alipima kwa vidole unene wa ukuta kwenye tundu lile. Aliuliza: mnara wa udongo mtupu, bila nondo, bila saruji, moto mkali ndani na mvua nje, umesimamaje muda wote huu? Kisha akajijibu kwamba ukuta ule haukusimama kwa bahati. Tangu neno hilo hatukumsikia tena akitumia neno “vibanda”.

Sasa yafaa tuseme kwa nini haraka yatakiwa. Pwani ndugu zetu wana mawe. Misikiti ya Kilwa na majumba ya Lamu, hata yakianguka, huacha kuta. Na wataalamu waliokwenda kuyapima walikuta kitu cha kupima. Peter Garlake alitoa mwaka 1966 kitabu chenye michoro ya majengo ya kale ya Kiislamu ya pwani yetu, na Usam Ghaidan, msanifu majengo wa asili ya Iraq, alitoa chake juu ya mji wa Lamu mwaka 1975. Vitabu hivyo vyasaidia mpaka leo anapotakiwa mtu kutengeneza nyumba ya kale bila kuiharibu. Huku bara nyumba zetu ni za udongo na miti na nyasi. Zikiachwa miaka miwili paa huanguka; mwaka wa tatu ukuta huyeyuka; mwaka wa tano palimwa mahindi. Nyumba ya udongo haimngoji mtaalamu.

Wageni wa zamani walichora kidogo. Richard Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860 juu ya safari yake ya kwenda Ziwa Tanganyika, aliweka picha za nyumba za njiani. Twazitazama kwa shukrani, lakini aliyezichora alikuwa mpita njia. Hakujua mlango ule ni wa mke mkubwa au wa ghala. Dar es Salaam nako kuna Kijiji cha Makumbusho tangu miaka ya 1960, ambamo zimejengwa nyumba za makabila mbalimbali ya Tanzania, na mzazi apitaye huko na wanawe afanya vyema kuwaingiza. Hata hivyo nyumba za makumbusho nazo ni nyasi, zataka kuezekwa upya kila baada ya miaka, na ziko mbali na sisi safari ya siku nzima na zaidi.

Tena kuna vijiji ambavyo havikuanguka kwa mvua. Mwezi Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji vilivyopangwa ni amri, na ikatakiwa kazi hiyo iwe imekwisha kufikia mwisho wa mwaka 1976. Sisi tulikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni ukoo wetu ulipohama. Tuliyoambiwa na wazazi ni machache: kwamba walichukua nguzo na makombamoyo wakaacha kuta, kwa sababu uwanda wetu ni wa majani matupu na mti wa kujengea ulifuatwa mbali, ukingoni mwa milima. Tumepafikia mahali pale mara kadhaa. Pana minyaa iliyokuwa ua, mawe ya kusagia yaliyolala kifudifudi, na duara za ardhi ngumu ambazo ng'ombe hawapendi kulala juu yake. Hiyo ndiyo khabari yote ya nyumba alimozaliwa baba yetu. Hakuna mtu aliyekuwa na penseli.

Fundi hakubadili nia yake juu ya nyumba ya mama yake, na hatukumshawishi aibadili. Nguzo mbili zilikuwa zimeliwa na mchwa, na mama mwenye umri ule hawezi kungoja. Alichofanya ni kuahirisha siku nne. Katika siku hizo kijana aliichora nyumba kwa pande zote, kisha ndani, kila kitu mahali pake: mafiga, uchaga wa juu ya moto, kitanda cha udongo, kigingi cha kutundikia kibuyu. Ndani aliingia kwa idhini ya bibi yake, na sehemu ya kulala bibi hakutaka ichorwe, basi haikuchorwa. Ukurasa ule una nafasi nyeupe. Vipimo vilichukuliwa kwa kamba. Siku ya nne, kuezuliwa kulipoanza, fundi alipanda juu mwenyewe wala hakuwaachia vibarua. Alikuwa akikata fundo moja moja na kumtupia mwanawe vipande vya kamba ya magome, naye chini akivichora mmoja baada ya mwingine. Mafundo yalikuwa ya namna tatu. Mama yao alikaa kivulini akiyataja majina yake kwa Kifipa, na mara mbili aliwaambia wanyamaze, kwa kuwa walikuwa wakibishana.

Wazazi wanaotaka watoto wao wafanye kazi kama hii hawahitaji gharama. Penseli ya shule na raba zatosha, na karatasi ngumu kidogo. Lililo muhimu ni yale yaandikwayo chini ya mchoro: jina la kijiji, mwaka, nani alijenga, nani aliyeeleza, na ukubwa kwa hatua au kwa kamba. Mchoro mzuri usio na maneno hayo, baada ya miaka ishirini utakuwa nyumba ya mtu asiyejulikana. Wawekewe sanduku la bati kwa ajili ya mchwa. Wafundishwe kubisha hodi na kuomba ruhusa kabla ya kuketi mbele ya nyumba ya watu. Na wasichora nyumba tu. Vihenge vinakwisha haraka zaidi, kwa kuwa mahindi siku hizi yatiwa magunia, na katika kijiji kile kijana alipata kihenge kimoja tu kilichobaki na mfuniko wake.

Daftari li kwetu mpaka litakapopatikana sanduku. Kurasa zake zilikuwa 31 lilipofika, sasa zimezidi. Ukurasa wa 36 na wa 37 zina nyumba moja iliyochorwa mara mbili, nayo haipo duniani: ni nyumba ya babu mkubwa wa kijana katika kijiji cha kale kilichohamwa. Imechorwa kwa maneno ya wazee. Bibi asema mlango wake ulitazama mashariki ili jua la asubuhi liingie. Shemeji yake, ambaye naye alilala katika nyumba ile utotoni, aapa kwamba ulitazama magharibi, kuupa kisogo upepo wa kiangazi, na kwamba mtu mwenye akili hafungui mlango kwenye upepo ule. Walibishana mbele yetu tangu adhuhuri hadi alasiri, na chai ikapoa. Kijana alitaka kujua aufute upi. Tulimwambia asifute, bali aandike chini ya kila mchoro jina la aliyeusema. Ukurasa wa 38 ameuacha wazi, kwa kuwa yuko mzee wa tatu wa nyumba ile anayekaa Laela, na salamu tumekwisha kumpelekea.